Joto la injini: Mali inayomwagika Simiyu huku mkaa ukinunuliwa

KATIKA vijiji na vitongoji vya Mkoa wa Simiyu ambako mashine ya kusaga bado inaendeshwa kwa dizeli, mlio wake huanza kusikika mapema, kinamama wakiwa wamepanga foleni na ndoo zao za mahindi. Kando ya injini mara nyingi husimama pipa la lita 200 lililojaa maji. Baada ya saa moja ya kazi pipa hilo hufuka mvuke, na mtu hawezi kuweka mkono ndani yake.

Hatua chache kutoka hapo mama lishe anapuliza jiko la mkaa ili apate ndoo moja ya maji ya moto ya kuoshea vyombo. Mkaa huo ameununua. Maji ya moto yaliyo kwenye pipa la jirani yake hayana mnunuzi, na ikifika jioni yatakuwa yamepoa yenyewe.

Hali kama hiyo ipo barabarani pia. Lori la pamba likitoka Maswa kwenda Mwanza, au Land Cruiser ya watalii ikishika njia ya Lamadi kwenda lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, injini hutengeneza joto kwa saa nzima na fani huhangaika kulitupa nje. Dereva akifika usiku huoga maji ya baridi, au hulipia maji ya moto kwenye nyumba ya wageni.

Joto hilo limeshalipiwa kituo cha mafuta. Kinachobaki ni kujua namna ya kulikamata bila kuua injini.

Dizeli yako inakwenda wapi?

Lita moja ya dizeli ina nguvu ya megajuli 36 hivi. Wengi hudhani nguvu hiyo yote inasaga mahindi au kusukuma gari. Sivyo. Katika injini ya kawaida, karibu theluthi moja tu ndiyo inayofika kwenye mkanda wa mashine au kwenye magurudumu. Theluthi nyingine hutoka na moshi kwenye ekzosi. Sehemu kubwa ya kinachobaki, kati ya robo na theluthi, huchukuliwa na maji yanayozunguka ndani ya injini ili vyuma visiungue.

Tuchukue mfano wa mashine inayokula lita mbili za dizeli kwa saa. Hizo ni megajuli 72. Tukihesabu robo tu kuwa imekwenda kwenye maji, ni megajuli 18 kila saa. Fundi wa kawaida hawezi kuzikamata zote, kwa hiyo tuseme amekamata nusu, yaani megajuli tisa.

Kupasha ndoo moja ya lita 20 kutoka nyuzi joto 24 hadi 64 kunahitaji megajuli 3.35. Maana yake, kila saa mashine inaweza kutoa ndoo mbili na nusu za maji ya moto ya kutosha kuondoa mafuta kwenye sufuria. Ikifanya kazi saa tano kwa siku, ni ndoo 12 hadi 13. Kwa kuoga maji hayo ni ya moto mno, lazima yachanganywe na ya baridi. Ndoo 13 zikichanganywa vizuri hutoa ndoo zaidi ya 30 za maji ya vuguvugu.

Kupata maji hayohayo kwa jiko la mkaa la kawaida, ambalo huingiza kwenye sufuria kama asilimia 20 tu ya joto lake, kungehitaji zaidi ya kilo saba za mkaa kila siku. Kwa kuni za mafiga matatu, hesabu inapita kilo 20.

Kwa nini jambo hili ni zito Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012, lakini tatizo la kuni katika ardhi yake ni la zamani. Enzi za ukoloni misitu mingi ya Usukumani ilifyekwa ili kufukuza mbung'o, na baadaye mashamba ya pamba na malisho ya ng'ombe yakazidi kupanuka. Mwaka 1986, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Moja ya kazi zake ilikuwa kuwahimiza wananchi kurudisha ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa ili nyasi na miti viote tena.

Pamoja na juhudi hizo, kaya nyingi bado hupikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni mbili katika mkoa huu. Kila gunia la mkaa linalochomwa kwa ajili ya kuchemshia maji tu ni mti uliotoka mahali fulani, na kila kinyesi kinachoingia jikoni ni mbolea iliyokosekana shambani.

Wazo la kutumia joto linalotupwa si geni hapa nchini. Kiwanda cha sukari cha TPC, Moshi, huchoma makapi ya miwa yake kupata mvuke wa kuendeshea kiwanda na kuzalisha umeme. Huko Denmark, nyumba nyingi hupata joto kupitia mabomba yanayotoka kwenye mitambo ya umeme na viwanda. Mwenye mashine wa Bariadi anaweza kufanya jambo la namna hiyo kwa kipimo cha mapipa mawili.

Jinsi injini inavyojipoza

Injini za mashine zilizozoeleka vijijini ni za aina mbili kubwa. Kuna zile nzito za mwendo wa polepole za muundo wa Lister, ambazo asili yake ni Uingereza na baadaye zikatengenezwa kwa wingi India. Hizi hupozwa kwa pipa. Maji yakipata joto ndani ya injini huwa mepesi, hupanda na kutoka kwa bomba la juu kwenda kwenye pipa. Yale yaliyopoa hushuka na kurudi kwa bomba la chini. Hakuna pampu. Kitu muhimu ni kwamba maji ndani ya pipa yawe juu ya bomba la juu wakati wote. Yakishuka chini ya hapo mzunguko hukatika na injini huungua.

Aina ya pili ni injini ndogo za Kichina za silinda moja zilizolala, ambazo zina sanduku la maji lililo wazi juu yake. Hizi hupozwa kwa kuchemka. Maji huchemka, mvuke huondoka na joto, na mwenye mashine huongeza maji kila mara. Kwa mwinuko wa Simiyu, ambao uko juu kuliko Ziwa Victoria lenye zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100.

Gari ni tofauti kidogo. Maji yake husukumwa na pampu, yamefungwa kwa mfuniko wenye presha, na mzunguko wake husimamiwa na themostati. Kifaa hicho kidogo huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi, ambalo kwa magari mengi ni kati ya nyuzi 76 na 90.

Hapa ndipo palipo na kosa la siku nyingi katika gereji zetu. Gari likichemsha, baadhi ya mafundi huondoa themostati na kuitupa. Gari huacha kuchemsha kwa muda, mteja akafurahi, lakini chanzo cha ugonjwa kimebaki: rejeta iliyoziba, mkanda wa fani uliolegea, au pampu iliyochoka. Zaidi ya hapo injini sasa inafanya kazi ikiwa ya baridi, inakula mafuta zaidi na vyuma vyake vinalika haraka. Mwenye gari kama hilo asitegemee maji ya moto ya kuoga. Kwanza arudishe themostati na kutibu ugonjwa wenyewe.

Kwenye mashine ya kusaga: usiyaguse maji ya injini

Kosa la kwanza la mtu mwenye haraka ni kuchota maji ya pipa la injini na kuyapeleka jikoni. Maji hayo yana kutu, mabaki ya oili na wakati mwingine dawa ya kuzuia kutu. Hayafai kuoshea vyombo, sembuse kupikia. Tena kila ndoo inayochotwa hupunguza kina cha maji ya kupoza.

Njia sahihi ni kuyaacha maji ya injini palepale na kuchukua joto lake tu. Kwa injini yenye pipa, fundi hukunja bomba la shaba la nusu inchi lenye urefu wa mita nane hadi kumi likawa kama chemchemi ya godoro, kisha huliweka ndani ya pipa, upande wa juu kwenye maji ya moto zaidi. Maji safi hutoka kwenye pipa lililoinuliwa juu, huingia kwenye bomba hilo kwa chini, hupata joto yakipita, na kutoka kwa juu kwenda kwenye pipa la akiba. Koki moja mwishoni hutosha kurekebisha kasi: ikifunguliwa kidogo maji hutoka ya moto sana, ikifunguliwa zaidi hutoka ya vuguvugu. Maji safi na maji ya injini hayakutani kamwe.

Pipa la akiba ndilo linaloamua kama kazi hii itakuwa na faida. Pipa tupu la bati hupoteza joto haraka. Liwekwe ndani ya chombo kikubwa zaidi na nafasi katikati, kama sentimita kumi pande zote, ijazwe pumba za mpunga zilizokauka, ambazo zinapatikana Maswa na Busega baada ya msimu. Pumba zikilowa hazizuii joto tena, kwa hiyo ziezekwe vizuri. Mfuniko wa pipa uwe na tundu la kupumulia. Pipa la maji ya moto lisizibwe kabisa hata siku moja.

Jambo la kuangalia ni kutoipoza injini kupita kiasi. Kama maji baridi yanapita kwa kasi mno, pipa la injini halitapata joto na dizeli haitaungua vizuri. Dalili yake ni moshi na ulaji mkubwa wa mafuta. Dawa ni kupunguza koki.

Kwa ile injini ya Kichina ya kuchemka, bomba fupi linaweza kukunjwa ndani ya sanduku la maji kama nafasi inaruhusu, lakini lisiguse boya linaloonyesha kina cha maji. Faida ya ziada ni kwamba joto likichukuliwa na bomba, maji yanayopotea kwa mvuke hupungua. Katika kijiji ambacho maji huletwa kwa baiskeli au mkokoteni, hiyo nayo ni fedha.

Kwenye gari la safari

Magari ya watalii yaliyogeuzwa kuwa nyumba ya kulala, yale yenye hema juu ya paa na jiko nyuma, yamekuwa yakitumia njia hii kwa miaka mingi. Fundi hutafuta mipira miwili inayopeleka maji ya moto kwenye hita ya ndani ya gari. Katika nchi yetu ya joto hita hiyo haitumiki sana. Hapo ndipo anapounganisha kifaa cha kubadilishia joto.

Vifaa viko vya aina mbili. Cha kwanza ni cha sahani nyembamba za chuma kisichoshika kutu zilizobanwa pamoja: maji ya injini hupita upande mmoja wa sahani, maji ya kuoga upande wa pili, na pampu ndogo ya volti 12 huyasukuma hadi kwenye bomba la mvua. Kinatoa maji ya moto wakati injini inaunguruma tu. Cha pili ni tangi lililofungwa vizuri lenye bomba lililokunjwa ndani yake. Hilo hupata joto gari likiwa safarini na kulitunza kwa saa nyingi baada ya injini kuzimwa. Kwa anayefika kambini jioni na kutaka kuoga saa mbili usiku, tangi ndilo linalofaa.

Tangi la lita 40 likipashwa kutoka nyuzi 24 hadi 70 linahitaji megajuli 7.7. Gari likiwa mwendoni kazi hiyo huchukua nusu saa mpaka saa moja. Betri kubwa ya gari ya saa-ampea 100, hata ikikamuliwa mpaka mwisho, ina megajuli 4.3 tu. Ndiyo maana hita ya umeme kwenye gari huua betri, lakini joto la injini haliligharimu gari chochote cha maana.

Kwa mafundi wa Bariadi na Lamadi, hii ni kazi inayoweza kuongezwa kwenye orodha ya gereji. Anayejua kuunga bomba la shaba, kuchagua klampu nzuri na kutoa hewa kwenye mfumo wa maji tayari ana nusu ya ujuzi. Wateja si watalii peke yao. Kuna magari ya watafiti na ya uwindaji wa kitalii yanayoingia Pori la Akiba la Maswa, na madereva wa malori wanaolala njiani msimu wa pamba.

Hatari zinazoua injini na watu

Kila kiungo kinachoongezwa kwenye maji ya gari ni mahali papya pa kuvuja. Mpira ukipasuka katikati ya Meatu na dereva asione mshale wa joto, silinda hedi hupinda na gasketi huungua. Gharama ya kurekebisha hedi inaweza kumeza faida ya miaka kadhaa ya maji ya moto. Kwa hiyo koki mbili ziwekwe, moja kila upande, ili kifaa kikileta matatizo kifungwe na safari iendelee. Kifaa kisiunganishwe kwenye mipira mikubwa ya rejeta. Baada ya kazi, hewa yote itolewe, na kina cha maji kikaguliwe tena injini ikiwa imepoa. Kufungua mfuniko wa rejeta yenye moto kumewaunguza watu wengi nyuso.

Kulanti ni sumu. Nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ina ladha tamu inayovutia watoto, mbwa na mifugo. Kiasi cha kikombe kidogo cha chai kinaweza kuua mtu mzima. Isimwagwe chini, isihifadhiwe kwenye chupa ya soda, na maji ya kifaa cha gari yatumike kuogea tu, yasinywewe wala kupikiwa, kwa sababu tundu dogo lisiloonekana linaweza kuyachanganya.

Maji ya nyuzi 64 huunguza ngozi ya mtoto ndani ya sekunde chache. Koki ya pipa iwe mahali ambapo watoto hawafiki, na anayeoga aweke maji baridi kwanza kwenye ndoo, ndipo aongeze ya moto. Bafu nalo lisijengwe ndani ya chumba cha injini. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na mtu huweza kuzimia kabla hajajua kuna tatizo.

Nani atanunua maji ya moto?

Mnunuzi wa kwanza ni mama lishe na muuza chai wa siku ya gulio. Akianza na maji yaliyokwisha kufika nyuzi 64, safari ya kuyafikisha kwenye kuchemka imebaki chini ya nusu, na mkaa wake unapungua vivyo hivyo. Maji ya kunywa lazima bado ayachemshe mwenyewe.

Mnunuzi wa pili ni mfugaji na mkusanya maziwa. Chombo cha maziwa kilichooshwa vibaya huharibu maziwa ya wafugaji wote waliomimina humo. Utaratibu ni kusuuza kwanza kwa maji ya baridi au vuguvugu, kwa kuwa maji ya moto sana hugandisha mabaki ya maziwa kwenye chuma, kisha kusugua kwa maji ya moto na sabuni, kusuuza tena na kuanika juani chombo kikiwa kimeinamishwa. Wengi huruka hatua ya maji ya moto kwa sababu ya gharama ya kuni.

Wa tatu ni nyumba ya wageni iliyo jirani na mashine, hasa miezi ya Juni na Julai ambapo asubuhi za Simiyu huwa na kibaridi.

Fanya hesabu kabla ya kununua bomba

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye mashine aandike kwa wiki mbili: injini imefanya kazi saa ngapi, imekula lita ngapi, na majirani wananunua mkaa wa shilingi ngapi kwa ajili ya maji tu. Kisha aulize bei ya bomba la shaba, koki, mapipa na ujira wa fundi. Gharama yote akiigawa kwa kiasi ambacho wateja wako tayari kulipa kwa mwezi, atajua fedha itarudi baada ya miezi mingapi.

Zipo hali ambazo jibu litakuwa hapana. Umeme wa vijijini umesogea sana, na mashine nyingi zimehamia kwenye mota, ambayo haina maji ya moto ya kutoa. Anayetarajia kuunganishiwa umeme karibuni asifunge fedha yake kwenye shaba, au afunge mfumo anaoweza kuuhamishia kwenye chombo cha kupashia maji kwa jua. Mashine inayofanya kazi saa moja kwa siku nayo haitalipa.

Kubwa zaidi, mtu asiwashe injini kwa lengo la kupasha maji. Gari likinguruma limesimama huchoma dizeli na kutoa joto kidogo, na mashine isiyosaga huwa jiko la bei mbaya kuliko yote. Joto hili ni la bure pale tu injini inapokuwa kwenye kazi yake nyingine.

Lakini kwa ile mashine inayounguruma kutwa na pipa lake linalofuka mvuke, swali kwa mwenye mali ni moja. Ameshalipia lita nzima ya dizeli. Ataendelea kutumia theluthi yake tu mpaka lini?